Mitambo Kwanza, Kisha Maji: Mwongozo wa Masomo kwa Kijana wa Kiranjeranje Anayekusudia Kuwa Afisa wa Wanamaji

Kata ya Kiranjeranje, iliyo kando ya barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Lindi, kusini mwa njiapanda ya Nangurukuru, inajulikana zaidi kwa ufuta, korosho na jasi ya Makangaga kuliko kwa nyavu na mashua, na mtoto aliyezaliwa huko anaweza kufika kidato cha pili bila kuwahi kupanda chombo cha baharini. Hata hivyo wilaya yake ni Kilwa, ambayo historia yake yote imeandikwa na maji, na bahari iliyo mbele yake ina bomba la gesi, miamba ya matumbawe, mikondo yenye nguvu na njia za meli ambazo taifa hulazimika kuzilinda. Mwongozo huu umekusudiwa mwanafunzi wa sekondari wa kata hiyo na kata jirani za Mandawa, Pande na Lihimalyao, pamoja na mzazi au mlezi wake, endapo mwanafunzi huyo ana nia ya kuwa afisa katika Kamandi ya Jeshi la Wanamaji ya Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ), na anataka kujua asome nini, kwa mpangilio gani, na wapi.

Ni vyema kuanza na maana ya maneno. Afisa wa wanamaji ni kiongozi wa kijeshi anayehudumu katika chombo cha vita au katika kituo chake cha nchi kavu, na kazi zake hugawanyika katika makundi makuu mawili: wale wa sitaha, ambao huongoza chombo na kukipangia njia, na wale wa mitambo, ambao hushika injini, umeme, pampu na mifumo ya silaha. Uhandisi wa meli ni taaluma ya kubuni, kuendesha na kutengeneza vitu hivyo. Sayansi ya bahari ni elimu ya maji yenyewe, yaani joto lake, chumvi yake, mikondo, mawimbi, kupwa na kujaa, na umbo la sakafu iliyo chini yake. Tawi lake linalohusu kupima kina na kuchora ramani za bahari huitwa haidrografia. Katika majeshi mengi taaluma hizi za mitambo na za maji husomeshwa kama nyumba tofauti, na hapo ndipo kosa huanzia, kwa sababu chombo hakiendi katika maji ya kufikirika bali katika maji fulani, ya siku fulani, yenye kina fulani.

Ushahidi wa jambo hili uko karibu na Kilwa kuliko wengi wanavyodhani. Tarehe 20 Septemba 1914 manowari ya Kijerumani iitwayo Königsberg iliizamisha manowari ya Kiingereza Pegasus katika bandari ya Zanzibar, kisha, mitambo yake ikiwa imechoka, ikajificha ndani ya delta ya mto Rufiji, kaskazini mwa Kilwa. Haikuwa bahati kwamba iliweza kuingia humo. Wajerumani walikuwa wameipima mikono ya delta hiyo kabla ya vita kwa meli yao ya upimaji Möwe, wakajua ni mkono upi wenye kina cha kupitisha chombo kinachozama zaidi ya mita 5 chini ya maji, ilhali Waingereza walitegemea ramani za zamani zilizoonyesha kwamba chombo kikubwa hakiwezi kupita. Manowari Chatham ilipoigundua mwezi Oktoba mwaka huohuo, ilibidi ikae nje, kwa kuwa yenyewe haikuweza kusogea karibu bila kupanda fungu.

Upande wa pili wa kisa hicho ni wa uhandisi. Boila za Königsberg, yaani matangi ya kuchemshia maji ili kupata mvuke wa kusukuma injini, zilikuwa mbovu, na karakana iliyoweza kuzitengeneza ilikuwa Dar es Salaam. Kwa hiyo sehemu zake zilifunguliwa, zikaburutwa nchi kavu na wapagazi wa Kiafrika, zikatengenezwa na kurudishwa zikiwa nzima. Elimu ya maji ilikuwa imekiokoa chombo kwa kukificha, lakini kilibaki gofu linaloelea mpaka wahandisi walipokipa uhai. Waingereza nao hawakufaulu mpaka walipoleta vyombo viwili, Severn na Mersey, vilivyobuniwa kwa ajili ya mito, vyenye mizinga mikubwa juu ya mwili uliozama chini ya mita 2 tu, ambavyo viliingia deltani wakati wa maji kujaa, vikaongozwa na ndege iliyoangalia mahali makombora yalipoangukia, na tarehe 11 Julai 1915 vikaimaliza. Mshindi alikuwa yule aliyeunganisha ubunifu wa chombo na ujuzi wa kupwa na kujaa.

Mahitaji ya leo ni mapana zaidi. Kwa sheria ya mwaka 1989 Tanzania ilijiwekea ukanda wa kiuchumi wa bahari unaofikia maili za baharini 200, yaani takriban kilomita 370, kutoka pwani. Gesi iliyogunduliwa Songosongo mwaka 1974 imekuwa ikisafirishwa tangu 2004 kwa bomba ambalo kilomita zake 25 za mwanzo hupita chini ya bahari kabla ya kufika Somanga, na mwaka 2023 liliwekwa jiwe la msingi la bandari ya uvuvi ya Kilwa Masoko. Kimbunga Hidaya cha Mei 2024, kilichopiga eneo la Mafia na kuleta mafuriko yaliyoikata barabara ya Lindi, kiliwakumbusha watu wa kusini kwamba vimbunga huweza kuwafikia, jambo ambalo wazee wa Lindi hawakulisahau tangu kimbunga cha Aprili 1952. Afisa anayetumwa kulinda bomba, kutafuta mashua iliyopotea au kupeleka msaada baada ya dhoruba hana budi kusoma injini na bahari kwa pamoja.

Je, aanze na kipi? Msimamo wa mwongozo huu ni kwamba mwanafunzi asome uhandisi kwanza na sayansi ya bahari baadaye, na sababu yake ni ya vitendo. Uhandisi hujengwa juu ya hisabati na fizikia zilizopandwa mapema, na mtu akishapita miaka 25 bila misingi hiyo ni nadra kuirudia. Sayansi ya bahari, kinyume chake, hupokewa vizuri na mtu mwenye misingi hiyo hata akiwa mtu mzima kazini. Historia ya wengine inaonyesha njia hiyohiyo. Chuo cha uzamili cha wanamaji cha Marekani, ambacho leo kiko Monterey, California, na kinafundisha pia elimu ya bahari na ya hali ya hewa, kilianza mwaka 1909 huko Annapolis kama shule ya uhandisi wa meli. Vilevile maafisa wa nchi hiyo wamekuwa wakipelekwa katika programu ya pamoja ya chuo cha MIT na taasisi ya bahari ya Woods Hole, iliyoanza mwaka 1968, wakiwa tayari na shahada ya kwanza mkononi. Wapo wanaopendelea mpangilio wa kinyume, kwa hoja kwamba kijana wa pwani aanze na kile anachokiona. Hoja hiyo ina uzuri wake, lakini haimpi mtu hesabu za mitikisiko ya rafadha, yaani propela inayosukuma chombo.

Kwa hiyo kazi ya kwanza iko darasani, na tena mapema. Kuanzia kidato cha kwanza hadi cha nne, mwanafunzi asiiachie hisabati hata muhula mmoja, kwani ndilo somo linalowaangusha wengi na ndilo linalofungua milango yote inayotajwa hapa. Fizikia na kemia zifuate, na jiografia isidharauliwe, kwa sababu sura za hali ya hewa na usomaji wa ramani ni mwanzo wa elimu ya bahari. Kiingereza nacho ni chombo cha kazi, maana vitabu vya injini na mawasiliano ya redio baharini hutumia lugha hiyo. Kidato cha tano, tahasusi inayofaa zaidi ni PCM, yaani fizikia, kemia na hisabati, na inayofuata ni PGM, ambamo jiografia huchukua nafasi ya kemia. Aliyekosa nafasi ya kidato cha tano asikate tamaa, kwa kuwa njia ya astashahada na stashahada ya ufundi huweza kumfikisha kwenye shahada, japo kwa mzunguko mrefu zaidi.

Mwanafunzi anaweza pia kuanza mazoezi ya elimu ya bahari kabla ya kuingia chuo chochote, na zoezi bora ni la kupwa na kujaa. Katika pwani ya Kilwa maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa muda unaokaribia saa 25. Siku za bamvua, yaani karibu na mwezi mpya na mwezi mpevu, tofauti ya kupwa na kujaa huwa kubwa, inayoweza kupita mita 3, na siku za maji mafu huwa ndogo. Mabaharia hutumia kanuni ya sehemu kumi na mbili: katika saa sita za kujaa, maji hupanda sehemu 1 kati ya 12 katika saa ya kwanza, 2 katika ya pili, 3 katika ya tatu, 3 katika ya nne, 2 katika ya tano na 1 katika ya sita. Tuseme siku ya bamvua maji yamekupwa saa 4 asubuhi, juu ya fungu fulani kuna kina cha mita 0.6, na yatajaa saa 10 jioni kufikia mita 3.6. Nahodha wa boti inayozama mita 1.4 anayegawa mita 3 kwa saa sita sawasawa atadhani kwamba saa 6 mchana pana mita 1.6 na kwamba atapita. Kwa kanuni hiyo, maji yamepanda robo tu ya tofauti yote, kina ni mita 1.35, na boti itakwama hapohapo. Mwanafunzi achukue jedwali la kupwa na kujaa, aende Kilwa Kivinje au Pande siku ya likizo akiwa na mti uliotiwa alama za sentimita, ausimike mahali salama, alinganishe anachoona na kilichoandikwa, kisha ajiulize kwa nini vinatofautiana. Upepo na umbo la ghuba vitampa majibu.

Zoezi la pili ni la mkondo. Mkondo wa Pwani ya Afrika Mashariki hutiririka kuelekea kaskazini mwaka mzima. Wakati wa kusi, yaani upepo utokao kusini, huongezeka nguvu, na mwendo wake hufikia mita 1 hadi 2 kwa sekunde, na wakati wa kaskazi, yaani upepo utokao kaskazini, hupungua sana. Boti iliyozimikiwa injini nje ya miamba ya Songosongo mwezi Julai, ikichukuliwa na mkondo wa mita 1 kwa sekunde, itakuwa imesogea zaidi ya kilomita 21 baada ya saa sita, bado upepo haujahesabiwa. Anayekwenda kuitafuta mahali ilipoonekana mara ya mwisho anapoteza mafuta. Anayefanya hesabu anaelekea upande wa Mafia.

Somo la tatu, lenye uzito mkubwa zaidi kwa mwanajeshi, ni la sauti. Mwanga na mawimbi ya redio hufifia haraka majini, lakini sauti husafiri humo kwa takriban mita 1,500 kwa sekunde, zaidi ya mara nne ya mwendo wake hewani, na kifaa kiitwacho sona hutumia sifa hiyo kupima kina na kutafuta vitu vilivyozama. Mlio ukitumwa chini na mwangwi ukarudi baada ya sekunde 0.04, sauti imesafiri mita 60 kwenda na kurudi, hivyo kina ni mita 30. Hesabu hiyo ni nyepesi mpaka mtu akumbuke kwamba mwendo wa sauti hubadilika kwa joto, chumvi na mgandamizo wa maji. Juu ya bahari ya tropiki kuna tabaka la maji ya moto yaliyochanganywa na upepo, na chini yake tabaka ambamo joto hushuka ghafla. Sauti inayofika hapo hupinda kuelekea chini, na huacha eneo lisilofikiwa vizuri, ambamo nyambizi inaweza kukaa bila kusikika. Upepo wa kusi huliongeza unene tabaka la juu, kwa hiyo kifaa kilekile, katika mikono ya mtu yuleyule, husikia tofauti mwezi Julai na mwezi Februari.

Kwa upande wa mitambo, kanuni moja inamtosha mwanafunzi kuonja ladha ya somo. Kwa chombo kinachopasua maji bila kupaa juu yake, nguvu inayohitajika huongezeka kwa kadirio la mchemraba wa mwendo: injini inayotoa kilowati 500 kwa mwendo wa noti 10 ingehitaji kilowati 4,000 kufikia noti 20, noti moja ikiwa maili moja ya baharini kwa saa. Kwa kuwa umbali kwa saa huongezeka mara mbili tu, kila maili inagharimu mafuta mara nne, na mafuta yaliyopangwa kwa doria ya siku nne huisha kwa nusu siku. Kamanda asiyeijua hesabu hii huiamuru injini ifanye isichoweza. Bahari nayo huingia hadi ndani ya chumba cha mitambo: injini nyingi za meli hupozwa kwa maji ya bahari, na wakati wa masika karibu na midomo ya Rufiji au Mbwemkuru maji hayo huja na tope na majani yanayoziba chujio. Joto la injini hupanda. Fundi asiyejua alipo hubadilisha vipuri vizima, na mwingine anayejua husafisha chujio kwanza, kisha humwomba nahodha atoke nje ya maji machafu.

Kuhusu vyuo, Chuo cha Bahari Dar es Salaam, kinachojulikana kama DMI na kilichopewa hadhi yake kwa sheria ya mwaka 1991, hufundisha uhandisi wa meli na uongozaji wa meli kuanzia ngazi za chini hadi shahada, na mafunzo yake hufuata mkataba wa kimataifa wa mwaka 1978 kuhusu viwango vya mafunzo, vyeti na zamu za mabaharia. Mkataba huo hauzibani meli za kivita, lakini ujuzi wa kuzima moto, kujiokoa majini na kushika zamu ya injini ni uleule. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina uhandisi wa mitambo na wa umeme, ambao ni msingi imara pia, na kina Taasisi ya Sayansi za Bahari huko Zanzibar, iliyoanzishwa mwaka 1978, ambako aliyemaliza uhandisi anaweza kuelekea kwa shahada ya uzamili. Wakala wa Elimu na Mafunzo ya Uvuvi, FETA, una kampasi Mbegani, Bagamoyo, na nyingine Mikindani, Mtwara, na kwa mtoto wa Kilwa asiye na uwezo mkubwa wa nauli na ada, hatua ya kwanza ya ufundi inaweza kuwa chuo cha ufundi cha VETA Lindi. Sifa za kujiunga hubadilika, hivyo zisomwe katika kitabu cha mwongozo cha NACTVET kwa vyuo vya ufundi au cha TCU kwa vyuo vikuu, cha mwaka husika, wala zisichukuliwe kwa mdomo wa aliyemaliza miaka kumi iliyopita. Mikopo ya elimu ya juu huombwa HESLB, ambayo tangu mwaka wa masomo 2023/24 imefika pia kwa baadhi ya fani za stashahada.

Njia ya kuingia jeshini ni jambo jingine, na halinunuliwi. Kamandi ya Jeshi la Wanamaji, yenye makao yake Kigamboni na historia inayoanzia mwaka 1971 kwa msaada wa China, hupokea watu kupitia utaratibu wa jumla wa JWTZ, ambao kwa kawaida huwapitisha vijana Jeshi la Kujenga Taifa, na maafisa wanafunzi husomeshwa katika chuo cha kijeshi cha Monduli kabla ya wengine kupelekwa kwenye taaluma zao, ndani au nje ya nchi. Umri, kiwango cha elimu na fani zinazotakiwa hutangazwa na jeshi lenyewe kila nafasi zinapotoka. Mtu yeyote anayedai pesa ili "aunganishe" nafasi ni tapeli, hata akiwa amevaa sare, na mzazi aliyeuza magunia ya ufuta ili amlipe hatapata nafasi wala ufuta wake.

Kuna maandalizi ya mwili na ya karatasi ambayo shule haiyakumbushi. Kwanza macho: usiku chombo huonyesha taa nyekundu upande wake wa kushoto na ya kijani upande wa kulia, na mtu asiyeweza kutofautisha rangi hizo hawezi kushika zamu ya sitaha, ingawa pengine anaweza kupata kazi nyingine. Kipimo cha rangi ni cha dakika chache, na ni heri kukifanya kidato cha pili kuliko kukifahamu mlangoni mwa usaili. Pili kuogelea, ambako kijana wa Kiranjeranje yuko nyuma ya mwenzake wa Songosongo. Ajifunze kwa mtu anayejua, katika maji tulivu, kamwe si peke yake wala mtoni wakati wa masika. Tatu majina: cheti cha kuzaliwa, vyeti vya shule na kitambulisho cha NIDA viwe na majina yaleyale kwa tahajia ileile, kwa sababu herufi moja iliyoachwa na karani wa zamani huweza kuchelewesha ombi hadi tangazo lifungwe, na marekebisho yake huchukua muda.

Aliyefuata mpangilio huu na asiitwe jeshini hatakuwa amepoteza miaka. Mhandisi wa meli mwenye cheti cha zamu hutafutwa na vivuko, meli za mizigo na bandari. Mamlaka ya Usimamizi wa Bandari, shirika la TASAC linalosimamia usalama wa vyombo, na mitambo ya gesi ya Songosongo zote zinahitaji watu wanaoelewa mashine na maji kwa pamoja, na bandari ya Kilwa Masoko itahitaji mafundi wa injini za boti, wa majokofu na wa umeme. Kwa hiyo ni busara kuomba chuo na jeshi kwa wakati mmoja, kuanza muhula pale nafasi ya chuo inapotoka, na kuendelea kufuatilia matangazo ya jeshi mpaka umri uliowekwa upite.